Siku moja maishani mwangu: AC ya haibridi na oili isiyo yake

Saa 1:30 asubuhi

Kabla sijafungua boneti ya gari lolote, nazipima glavu. Naikunja kila moja kuanzia kwenye mkono, kama mtu anayefunga mdomo wa mfuko, hadi hewa ibanwe kwenye vidole, kisha naisogeza shavuni. Leo kidole gumba cha kushoto kimenipulizia. Tundu lenyewe silioni kwa macho, lakini upepo nausikia kwenye ngozi. Nimeikata vipande nisije nikaivaa kwa kusahau, nikafungua jozi mpya. Glavu hizi zimetengenezwa kuhimili volti 1,000. Betri kubwa ya Prius ya kizazi cha pili ni volti 201.6, na kuna haibridi, yaani magari yenye injini na mota ya umeme pamoja, zinazozidi hapo kwa mbali. Kompresa ya AC, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza, inakula umeme huohuo.

Saa 2:10

Gari la kwanza limefika likikokotwa. Mwenyewe ni mama mtu mzima, ameshuka na funguo mkononi, amechoka.

"Fundi, wiki iliyopita AC ilipungua baridi. Nikapeleka mahali, wakaongeza gesi. Ikapoa vizuri kabisa siku mbili tatu. Jana taa nyekundu ikawaka, nilipozima gari halikuwaka tena."

"Mama, gesi waliijaza kwa mashine au kwa kopo?"

"Kopo, mwanangu. Wakasema oili yake imo humohumo."

Hapo moyo ukanishuka. Nikaunganisha mashine ya kusoma hitilafu: P0AA6, na chini yake namba ya ziada 611. Ya kwanza inasema umeme wa betri kubwa unavujia kwenye bodi ya gari. Ya pili inaonyesha unavujia wapi: upande wa AC. Ingekuwa 612 ningeenda kwenye betri, 613 kwenye giaboksi na mota zake.

Hili wengi hawalijui, na ningependa kila anayeendesha haibridi alijue. Kwenye gari la kawaida, kompresa inazungushwa na mkanda wa injini, na oili yake kazi yake ni kulainisha tu. Kwenye haibridi nyingi, mota ya umeme imo ndani ya kompresa yenyewe, na koili zake zinaoga mle mle kwenye gesi na oili. Kwa hiyo oili lazima iwe kihami pia, isipitishe umeme. Inayotakiwa ni ya aina ya POE, ile ambayo kiwanda kimeitaja kwa ajili ya kompresa za umeme. Oili ya PAG, ambayo imejaa kwenye makopo ya magari ya kawaida, inapitisha umeme. Ikiingia kidogo tu kama asilimia moja, kihami kinaporomoka.

Saa 2:50

Kuzima umeme. Funguo naipeleka mbali na gari, maana zinazotumia rimoti zinaweza kuliamsha gari bila mtu kugusa kitu. Naondoa nguzo hasi ya betri ndogo ya volti 12, navaa glavu, nachomoa plagi ya usalama ya betri kubwa. Plagi hiyo naitia mfukoni mwangu. Siiachi mezani hata siku moja, kwa sababu mwenzangu anaweza kuirudisha akidhani ananisaidia.

Kisha tunasubiri dakika 10 kapasita, yaani vihifadhi vya umeme, za inveta zijimalize; inveta ndiyo inayobadili umeme wa betri kuwa wa kuendesha mota. Kijana ninayemfundisha alikuwa ameshashika spana.

"Kaka, si tumeshachomoa?"

"Tumechomoa betri. Inveta bado ina yake."

Dakika zilipotimia nikapima kwenye vituo vya inveta: sifuri. Ndipo nikamruhusu kusogea.

Saa 3:20

Mita ya kawaida haisaidii hapa, inapima kwa volti chache mno. Nimetumia mega, inayosukuma volti 500 na kuangalia kama zinapenya. Nikachomoa plagi ya nyaya za rangi ya chungwa kwenye kompresa, nikapima upande wa gari kwanza: zaidi ya megaomu 10, safi. Megaomu ni kipimo cha jinsi umeme unavyozuiwa kupenya: ikiwa kubwa ni nzuri, ikiwa ndogo unavuja. Nikahamia kwenye pini za kompresa, ncha nyingine kwenye bodi yake. Namba ikapanda kidogo, ikasita, ikatulia kwenye megaomu 0.3.

Nikarudia mara tatu baada ya kufuta pini kwa kitambaa kikavu, kwa sababu unyevu au uchafu kwenye plagi unaweza kudanganya, na sitaki kuhukumu kompresa ya mtu kwa vumbi. Ikabaki 0.3: umeme unavujia ndani ya kompresa.

Saa 4:15

Kuvuta gesi. Nina mipira miwili ya kupitishia gesi kwenye mashine: wa haibridi una utepe wa chungwa, na huu mwingine ni wa magari ninayoyashuku. Mpira uliopita oili ya PAG hauingii tena kwenye haibridi safi. Stika chini ya boneti inasema gramu 470. Mashine imenyonya 640. Kumbe walikuwa wakijaza kwa kuangalia geji peke yake.

Nikafungua bomba, nikadondosha oili kwenye karatasi nyeupe. Ilikuwa na rangi ya kijani inayong'aa: walitia na rangi ya kutafutia uvujaji, ambayo nayo mara nyingi hubebwa na oili isiyofaa. Mle ndani kulikuwa na vitu viwili visivyostahili: oili isiyo yake na rangi hiyo.

Na uvujaji wa mwanzo, uliomfanya mama atafute gesi, ulikuwa oringi moja, kile kipete cha mpira cha kuzibia, iliyokauka kwenye maungio ya kondensa, rejeta ya AC iliyo mbele ya gari.

Saa 6 mchana

Gari la pili: AC inapoa likitembea, likisimama inakufa. Kwenye gari la mkanda ningeanza kufikiria kasi ya injini. Haibridi kompresa yake haijali injini imezima au imewaka, kwa hiyo nikaenda moja kwa moja mbele. Feni ya kondensa haizunguki, presha inapanda, kompyuta inapunguza kompresa ili isiumie. Plagi ya feni ilikuwa na kutu. Kwa muda wa saa moja tu, limekwisha.

Saa 8

Gari la tatu halikuwa na ugonjwa wa AC kabisa, lakini mwenyewe alilalamika kelele za feni nyuma. Chujio la tundu la hewa kando ya kiti cha nyuma lilikuwa limeziba kwa manyoya na vumbi. Kwenye gari hili betri kubwa inapozwa kwa hewa ya humohumo ndani ya gari. Abiria wakipata joto, betri nayo inapata. Ndiyo maana sikubali AC ya haibridi iitwe anasa.

Saa 9:30

Sehemu ngumu. Nimemketisha mama, nimempa karatasi yenye lile tone na stika ya gramu, nikamweleza kwamba kubadilisha kompresa pekee hakutoshi. Oili ya PAG imeshanata kwenye kuta za evaporeta (ile inayopoza hewa ya ndani), kondensa na mabomba, na kusafisha kwa dawa hakuhakikishi imetoka yote. Nikiweka kompresa mpya juu ya mabomba yale, atarudi na taa ileile.

Alinyamaza muda. Akauliza, "Na ile oringi peke yake, ningekuja kwako mwanzo?"

"Oringi, vakyum ya kunyonya hewa na unyevu, gesi kwa mizani. Jioni ungeondoka nalo."

Saa 11 jioni

Nimerudisha kompresa mahali pake ili gari lisubiri vipuri, nimeziba midomo ya mabomba, maana POE inanyonya unyevu wa hewani haraka. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliomba ile oili nimwekee kwenye chupa yenye kifuniko, arudi nayo kule alikojaziwa gesi. Nimeijaza, nimeandika tarehe, gramu 640 na megaomu 0.3 kwenye utepe, nikaubandika.