Dokezo la matope

Saa sita usiku na mvua imeanza tena juu ya bati. Toka nimetoka Katesh kwenye yale maporomoko ya tope, mvua ikinyesha hivi usiku mi silali, kwa hiyo bora niandike.

Leo hapa kambini tumemaliza kozi ya uokoaji kwenye maafa, siku tatu. Mbili ukumbini na projekta, ya tatu ndo vitendo, na vitendo vyenyewe vilikuwa hivi: makuruta sita wamelazwa kwenye nyasi uwanja wa gwaride wamepakwa wino mwekundu, tunakimbia na machela tunawabeba tunawapeleka kwenye turubai, dakika 11 kwisha, wageni wanapiga makofi, picha, watu wanasaini posho. Uwanja mkavu kabisa. Yani nilisimama pale na machela mkononi moyo unaniuma kweli, maana matope nimeyaona.

Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili, kipande cha mlima Hanang kilikunywa maji ya mvua mpaka kikashindwa kujishikilia, kikashuka na mawe na magogo hadi Katesh mjini na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 wakafa. Lile tope sio la shambani jamani. Juu linashika ganda kama uji uliopoa, unadhani litakubeba, ukikanyaga umezama kiunoni, na ukihangaika ndo linazidi kukubana. Chepe likiingia halitoki. Kijiko nacho, ile mashine ya kuchimbia, huwezi kukipeleka hovyo, hujui chini kuna nani.

Hayo sikufundishwa depo. Vijana wa pale ndo waling'oa milango kwenye nyumba zilizobomoka wakailaza juu ya tope, tukaanza kutembea juu yake. Na kuna mzee alikuja na fimbo yake ya kuchungia, akatuangalia weee, halafu akaniita. "Mwanangu, hapo mnapochimba palikuwa barabara." Akasimama kwenye mti mmoja uliobaki akahesabu na fimbo, nyumba ya kwanza, ya pili, "ya tatu ni ya mdogo wangu." Tukachimba pale pale alipoonyesha. Tukakuta sufuria, mfuniko bado uko juu yake. Halafu kitenge. Halafu mkono. Mzee akavua kofia akaishika kifuani wala hakusema neno. Siku ile sikulia, nalia sasa hivi naandika.

Niliporudi kambini nikaandika dokezo kwa wakubwa. Ombi dogo tu, malori mawili ya udongo, maji, milango mibovu, tujifunze kutembea juu ya tope na kumtoa mtu aliyebanwa bila kumvuta kwa nguvu maana ukimvuta unamuumiza zaidi, na kila kozi aitwe mwenyekiti wa kitongoji au mzee anayejua nani anakaa wapi. Dokezo likapanda, likarudi, ambatanisha makisio ya gharama. Nikaambatanisha. Likarudi, lipitie kwa mhandisi, mhandisi yuko safari. Likarudi tena, fungu la mafunzo limeisha tusubiri Julai. Julai imepita. Wiki iliyopita nimeenda masijala dada akanifungulia faili, liko humo humo, folio ya 14, yani karatasi ya 14 kwenye faili, juu yake zimewekwa barua za mambo mengine kabisa. Hakuna aliyekataa, na ndo kinachoniumiza. Kila aliyelishika alifanya kinachotakiwa mezani kwake, akagonga muhuri akalisogeza.

Juzi kwenye slaidi walituonyesha kamati za maafa kwa ile sheria ya 2022, taifa, mkoa, wilaya, kata, kijiji, na mishale inashuka. Nikanyoosha mkono, afande, huyu wa kijiji huku chini kabisa tumeshawahi kufanya naye zoezi hata mara moja? Akasema swali zuri, tutalichukua.

Lakini si ndo yeye anayefika wa kwanza? Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba Novemba 2022 walianza kufika wavuvi na mitumbwi yao. Ghorofa la Kariakoo Novemba 2024, kabla ya mitambo kulikuwa na wafanyabiashara na wapita njia wanachimbua kifusi kwa mikono na nyundo, wenzao wako chini wanapiga simu. Sisi tunafika tukiwa na vifaa lakini hatujui nyumba ya tatu iko wapi, wao wanajua na hawana hata kamba. Zoezi la kutukutanisha kabla ya mlima kushuka linagharimu malori mawili.

Basi nimeongea na vijana wanane wa platuni. Jumamosi baada ya usafi tunaenda kwa mzee mmoja nje ya kambi ana majaruba ya mpunga, ametupa kona moja ambayo hajapandikiza, amesema atakuja mwenyewe kutuangalia. Milango nimepata minne. Ruhusa nimeomba kwa mdomo, afande wa zamu kakubali.