Leo mzee kawekewa mpira wa tumboni

Tangu kiharusi kimpige, baba hawezi kumeza. Maji kidogo tu, anapaliwa. Muda wote huu amelishwa kwa mpira wa puani, na usiku alikuwa akiuchomoa.

Leo mchana wamempitishia wa tumboni, unaoingia moja kwa moja kupitia tundu dogo kwenye ngozi ya tumbo.

Nimeuona uso wake bila plasta. Puani pamebaki alama nyekundu ilipokuwa gundi. Akapashika, akapasugua taratibu, akanitazama.

Jamani, nililia.

Daktari hakutuficha kitu. Mpira unapeleka chakula na dawa, lakini haurudishi kumeza, na mate bado yanaweza kuingia kwenye mapafu yakaleta nimonia. Akilishwa lazima aketi, kichwa juu, na asilazwe mara tu amalizapo. Wengi waliopata kiharusi humeza tena baadaye. Ila kwa mgonjwa wa usahaulifu wa uzeeni uliokwisha kukomaa, mpira hauongezi maisha. Kila familia ingeelezwa hivi kabla ya kusaini!

Mazoezi ya kumeza yanaendelea.

Mliouguza mgonjwa wa hivi, kidonda mnakisafishaje nyumbani? Na uji mnauchujaje usizibe mpira? Niandikieni hapa, nasoma zote.