Nilivyopika Pilau ya Tarehe 4 Julai Kisiwani Long Island, Maine

Nilizaliwa Wete, kisiwani Pemba, na tangu utotoni nilijua kwamba sikukuu ya kisiwani huanzia bandarini, siku boti inaposhusha unga, sukari na wageni. Kwa hiyo, nilipokuwa nikimtunza bibi mmoja mzee katika kisiwa cha Long Island, jimboni Maine, Marekani, na majirani wakaniomba nilete chakula cha kwetu katika karamu ya tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, jambo la kwanza nililouliza ni saa za boti za kutoka mji wa Portland.

Long Island ni kisiwa kidogo cha Ghuba ya Casco, mwendo wa dakika kama 45 kwa boti. Wanaokaa mwaka mzima ni watu 230 hivi, ingawa majira ya joto yakifika nyumba zilizofungwa hufunguliwa na idadi huongezeka mara kadhaa. Zamani kisiwa kilikuwa sehemu ya mji wa Portland, kikajitenga rasmi tarehe 1 Julai 1993 na kuwa mji wa peke yake, baada ya wakazi kulemewa na kodi za nyumba. Ndiyo maana wenyeji wa umri mkubwa wana mambo mawili ya kukumbuka katika wiki hiyo, uhuru wa mwaka 1776 na ule wao. Yule bibi niliyemtunza alinisimulia huo wa pili kwa furaha kubwa zaidi. Alitaka nimwite kwa jina lake, kama ilivyo desturi ya huko, lakini mimi sikuweza kumwita mtu wa makamo ya nyanya yangu kwa jina tupu. Nikamwita Bibi, na baada ya siku chache akazoea kuitika.

Niliambiwa nitarajie watu wapatao themanini. Nilipiga hesabu ya kilo 9 za mchele wa basmati, kilo 7 za nyama ya ng'ombe, na vitunguu na viazi vya kutosha. Nyama ya halali niliinunua Portland kwenye duka la Waislamu wenzangu, nikaivusha tarehe 2 ikiwa imegandishwa ndani ya sanduku la barafu, kwa sababu nilijua kwamba kesho yake boti zingejaa watu hadi kwenye ngazi. Vyote vilifika salama isipokuwa kifurushi kimoja ambacho nilikisahau juu ya meza ya chumba changu cha Portland. Kilikuwa na karafuu, hiliki, mdalasini na bizari nyembamba, na karafuu zenyewe zilitoka katika shamba la mjomba wangu. Duka la kisiwani lilikuwa na pilipili manga tu. Nilimpigia simu jirani yangu wa Portland, mama mmoja kutoka Bukavu, akanijibu, "Usiogope, dada, kesho alfajiri nakuletea mwenyewe." Alikuja kwa boti ya kwanza ya tarehe 4, kifurushi kimo ndani ya mkoba wake, na hakurudi hadi jioni.

Tatizo gumu zaidi lilikuwa vyombo. Wavuvi wa Maine wana sufuria kubwa mno za kuchemshia kambakoche, wale wa kwao wenye magando mawili makubwa, lakini sufuria hizo ni ndefu, nyembamba kwa chini na za bati jepesi. Ukipika wali humo, wa chini huungua kabla wa juu haujaiva. Kwetu sufuria ya shughuli ni pana, huwekwa juu ya mafiga na kupaliwa makaa juu ya kifuniko. Nilikaa jikoni na Bibi nikimchorea jambo hilo kwa kidole juu ya meza, naye akaniambia kwamba oveni nayo hutoa moto juu na chini. Hapo ndipo nilipopata njia. Nilikubaliana na majirani wawili kwamba nyama na supu vitapikwa katika sufuria ya mvuvi uani kwetu, na wali utaiva katika trei 6 za kilo moja na nusu kila moja, mbili kwa kila nyumba, katika oveni tatu.

Siku yenyewe niliamka kukiwa na ukungu mzito, mlingoti wa bendera wa jirani hauonekani. Nyama ilikuwa tayari inachemka kwa tangawizi, thomu na chumvi wakati boti ilipopiga honi. Nilikaanga vitunguu hadi vikawa rangi ya kahawa, nikatia viungo, na harufu ya karafuu ikatoka uani ikaingia njiani. Watu walisimama kuuliza ni nini. Kisha nikagawa mchele uliorowekwa, viazi na nyama katika trei, nikamimina supu ikiwa inatokota, nikafunika kwa foili mara mbili, na trei zikasafirishwa kwa kigari cha kusukuma. Nilizunguka nyumba hizo tatu nikitazama saa, kwa sababu foili ikifunuliwa mapema mvuke wote hupotea.

Zafa ya watoto, baiskeli zilizofungwa riboni na gari la zimamoto, ilipita ukungu ukianza kuinuka. Mezani kulikuwa na samaki wa salmoni na njegere, chakula cha siku hii tangu zamani kwa watu wa New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, Maine ikiwemo, na stroberi ambazo ndiyo kwanza zimeiva. Wavuvi walikuwa wamepika kambakoche, chaza na mahindi chini ya mwani uliotandazwa juu ya mawe ya moto. Nilisimama hapo muda mrefu nikinusa mwani ule, maana kwetu Pemba wanawake huulima, huuanika na kuuza, na sikuwahi kuuona ukifanywa kifuniko. Pilau ilimalizika kabla ya kambakoche. Watoto waligundua ukoko katika pembe za trei na wakaukwangua kwa vijiko, sikuwafundisha mimi.

Usiku, baada ya saa tatu, tulimpeleka Bibi kwenye ufuo wa magharibi akiwa amejifunika blanketi, tukatazama fataki za Portland zikipasuka mbali juu ya maji, mwanga kwanza, mlio baadaye.

Asubuhi ya tarehe 5 niliisugua sufuria kwa ndimu na chumvi, nikaijaza mandazi nusu, kwa kuwa chombo cha watu hakirudishwi kitupu, nikampelekea mvuvi mwenye nayo. Alikuwa tayari amevaa mabuti ya kuendea baharini. Alikula moja akiwa amesimama, akafunga mengine katika kitambaa, kisha akaniuliza kama nitaihitaji tena sufuria mwezi wa Septemba, kwenye Sikukuu ya Wafanyakazi ya kwao.