Nililala kwenye njia ya bahari

Kuna watu wananiuliza mbona picha za ile kambi ya bichi nimeweka za jioni tu, za asubuhi hakuna hata moja. Haya, leo natoa stori yote.

Ni ufukwe wa umma, ule wa kuingia getini, unaandikisha jina, unaonyeshwa vyoo na bomba la kuogea, basi uko huru. Tulifika kama saa 12 jioni, watu wanne hema mbili, jua linazama, maji yanakupwa, mchanga umenyooka kama shuka lililopigwa pasi. Sasa nani akalale kule nyuma kwenye miti aangaliane na vyoo? Tukashuka mpaka chini kabisa, tukavuka ule mstari wa mwani na vijiti na vifuniko vya chupa, na nakumbuka vizuri tu nilikanyaga ule mwani nikahisi umelowa, nikausukuma kwa mguu nikaweka begi langu.

Mlinzi akapita na tochi. "Mwanangu, hapo ni pa bahari hapo." Nikamwambia sawa mzee, lakini maji si yanaondoka haya? Akaangalia juu, mwezi mpevu umeshatoka mkubwa hivi, akasema "bamvua", akaenda zake. Mi nikajua anasifia mwezi.

Kumbe bwana mwezi ukiwa mpevu, na pia ukiandama, jua na mwezi vinavuta maji kwa pamoja, bahari inajaa sana na kukupwa sana, ndo hiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaji juu sana wala hayaendi mbali. Na toka maji yajae mpaka yajae tena ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo yale yaliyolowesha mwani wangu saa 10 jioni yalikuwa na safari ya kurudi saa 10 usiku, hesabu ya darasa la pili kabisa na mimi nilikuwa bize kupiga picha.

Kitu kimoja tulifanya vizuri, tena vizuri kupita kiasi. Vigingi vya hema kwenye mchanga mkavu havishiki, upepo kidogo tu vinang'oka, kwa hiyo tulijaza mchanga kwenye mifuko, tukafunga kamba, tukaifukia chini kama urefu wa mkono. Hema ikasimama haitikisiki. Mlango tuliuelekeza nchi kavu tukwepe upepo wa baharini, afu usiku ardhi ikapoa upepo ukageuka, ukawa unaingia mlangoni moja kwa moja, lakini hilo wala sio tatizo tulilokuwa nalo.

Saa 9 na kitu nikasikia miguu imelowa. Nikadhani nimemwaga chupa ya maji, nikaanza kuipapasa gizani huku nalaani, naipata, kifuniko kimefungwa vizuri kabisa. Afu likaja wimbi la pili.

Jamani kufumua hema kwenye maji usiku sio mchezo. Ile mifuko tuliyoifukia kwa ustadi sasa iko chini ya mchanga uliolowa, na mchanga uliolowa ni kama simenti, unavuta kamba unajivuta mwenyewe, wimbi likirudi linakuondolea mchanga chini ya visigino. Mwenzangu mmoja anapiga kelele "kata! kata!", kisu kiko ndani ya begi, begi linaelea. Mwishowe tukakata kamba zote, tukaburuta hema mzimamzima na vitu vyote ndani mpaka kule kwenye miti, pale karibu na vyoo, palepale tulipopakataa. Tukakaa tumejikunja tunatetemeka, hakuna anayeongea, na mimi ndo nilikuwa nimechagua sehemu.

Zipu za hema siku hizi hazifungi, chumvi imezila, ningezisuuza na maji yasiyo ya chumvi siku ileile labda zingepona. Simu ilipona kwa sababu nililala nimeiweka chini ya shavu.

Kulipokucha mlinzi akaja ameshika kandambili yangu ya kushoto, kaikuta kwenye mstari mpya wa mwani, karibu palepale pa jana. Akaniwekea miguuni, hakusema kitu. Ya kulia sijaiona mpaka leo.