Mistari Ambayo Hakuna Aliyeichora

Mwanangu aliniuliza jana, kidole kikiwa kwenye chombo cha maua kilichopo juu ya kabati la vitabu: "Mama, nani alichora hii mistari myekundu?" Nikamjibu, "Moto." Hakuridhika. Nami baada ya kumlaza niliona jibu hilo ni fupi mno kwa yaliyotokea siku ile Imbe.

Ilikuwa miaka yangu ya Okayama, Japani. Imbe ni mji wa wafinyanzi huko Bizen. Ukishuka tu kwenye treni unaziona dohani za matofali juu ya mapaa. Mwenzangu wa maabara alinipeleka kwa mfinyanzi mmoja, jirani ya wazazi wake, nikazoea, nikawa naenda kila nilipopata nafasi. Nilimwita Sensei, yaani mwalimu, kama walivyomwita wote. Vyombo vya Bizen havipakwi chochote. Udongo wake huchimbwa chini ya mashamba ya mpunga, una chuma kingi, unanata, unasinyaa sana, na hautaki haraka. Kuni za msonobari mwekundu huchochewa mchana na usiku kwa karibu wiki mbili, hadi joto lipite nyuzi 1,200. Bibi yangu kule Usangi alichoma vyungu uani kwa kuni na nyasi, na ikifika jioni alishamaliza. Mtungi wa Bibi ulitoa jasho, ndiyo maana maji yake yalikuwa baridi. Hiki cha Bizen hakivuji hata tone, kwa sababu moto wenyewe umeufunga udongo.

Sensei ndiye aliyekifinyanga. Siku ya kupanga vyombo tanurini alinipa mabua ya mpunga yaliyolainishwa, akaniambia nikizungushie. Zamani mabua yaliwekwa ili vyombo visigandane motoni. Alama zikaja zenyewe, watu wakazipenda. Nikazungusha kwa uangalifu, mizunguko iliyolingana. Akakitia ndani ya mtungi mkubwa, majivu ya kuni yasikifikie. Moto ukawashwa, ukazimwa, tanuri likaachwa lipoe kwa siku nyingi.

Siku ya kufungua, Sensei alitambaa hadi ndani, akawa anatutolea vyombo kimoja kimoja. Ule mtungi ulipotoka, akaniashiria nichomoe mwenyewe. Niliingiza mkono hadi kiwikoni, nikakigusa: kikavu, cha kukwaruza, bado kina uvuguvugu. Nikakitoa juani. Mabua hayakuwepo tena, yamebaki majivu mepesi, nikayapuliza yakapeperuka. Udongo ulikuwa umeiva rangi ya chai yenye maziwa mengi, na juu yake ikapita mistari myekundu, pale potasiamu ya mabua ilipokutana na chuma cha udongo. Lakini mistari haikufuata mizunguko yangu. Nilipokaza bua palikuwa na alama hafifu tu. Mahali ambapo ncha moja ilijilegeza ikalala ovyo, hapo ndipo palipozuka mstari mpana, mwekundu kuliko yote, ukishuka kutoka shingoni hadi karibu na kitako.

Sensei alikichukua, akakimwagia maji kidogo, na wekundu ukakolea mbele ya macho yetu. Akakigeuza, akakigeuza tena. "Huu," akasema, akiugusa ule mstari, "mimi nisingeweza kuuchora."

Hata hivyo kitakoni kuna alama yake, aliyoikwangua udongo ukiwa mbichi. Yaani aliweka jina lake kabla mtu yeyote hajajua kitatoka nini. Siku hiyohiyo alitenga kando vyombo kadhaa vyenye alama ileile, vilivyopasuka au kupinda, na hakuulaumu moto. Vilikuwa vyake, kama hiki kilivyokuwa chake, hata baada ya kukataa kuwa ndiye aliyekichora. Mimi kazi yangu huiwekea jina mwishoni, nikisharidhika nayo. Nimejaribu mara nyingi kuuelewa moyo wa namna ile na sijafika mbali. Nilitaka kumuuliza palepale, lakini alikuwa ameshageukia kuni za moto ujao, akieleza jinsi misonobari ya vilimani inavyokufa kwa wadudu na kuni nzuri zinavyozidi kuadimika.