Kasoro za kutetea, kasoro za kung'oa

Jumamosi, usiku

Mikono bado inanuka petroli ingawa nimenawa na kunawa tena. Nimeshinda chini ya boneti ya gari langu la zamani nikisafisha kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa, na jirani alipopita akauliza lile swali letu la siku zote: kwa nini usiliuze hili ukanunua linalowaka?

Mbona linawaka! Unavuta choki, kile kifaa kinachopunguza hewa ili injini baridi iwake, mpaka mwisho, unakanyaga mafuta mara mbili, si tatu, maana ya tatu italowesha plagi, halafu unapiga stata. Likiitika, unairudisha choki taratibu huku umetega sikio. Injini ikiwa tayari ina moto, choki usiiguse kabisa. Hakuna hata moja kati ya haya lililoandikwa kwenye dashibodi, kwa hiyo mtu akiliazima hafiki mbali (jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa faida).

Wenzangu wa ugonjwa huu huzitaja kasoro za magari yao kama mzazi anayelalamikia utundu wa mtoto huku anatabasamu. Wenye Land Rover za zamani husema oili isipodondoka chini, ujue imekwisha ndani. Wenye magari ya Uingereza waliipachika kampuni ya Lucas, iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari mengi ya huko, jina la Mwanamfalme wa Giza, wakadai swichi zake za taa zina hatua tatu: hafifu, kupepesa na kuzimika. Utani huu umezeeka kuliko baadhi ya wanaousimulia. Ninaucheka kila mara, ila hauniridhishi, kwa sababu unatia kasoro zote kapu moja. Kadiri ninavyokaa na magari haya ndivyo ninavyoona kwamba hazifanani hata kidogo.

Kuna kasoro iliyozaliwa na wazo. Hiyo naipenda bila kuona haya.

Chukua Citroën DS, iliyozinduliwa kwenye maonyesho ya magari ya Paris mwezi Oktoba 1955. Mahali pa springi za chuma iliwekewa matufe yenye gesi na mafuta yanayosukumwa na pampu, na mfumo huohuo ukabebeshwa usukani, breki, hata ubadilishaji wa gia. Ukiliegesha, linashuka polepole mpaka tumbo linakaribia ardhi. Ukiliwasha, linainuka tena. Barabara mbovu linaipita na abiria anaendelea na mazungumzo yake. Lakini mfumo mmoja ukibeba mambo yote, siku ukivuja mambo yote yanaharibika pamoja. Tena mafuta ya mwanzo, yale mekundu, yalifyonza unyevu wa hewani, na unyevu ukawa unayala mabomba na vali kwa ndani. Mwaka 1966 Citroën ikahamia mafuta ya kijani yasiyofyonza maji, na matatizo mengi yakapungua. Hadi leo, ukimimina ya kijani katika gari la mekundu unaharibu mipira ya kuzibia mfumo mzima, ndiyo maana anayetaka kununua DS ya miaka ile huchungulia kwanza rangi ya mafuta yake, mengine baadaye.

Sasa niambie, kasoro hiyo utaiondoaje na gari libaki? Ukilifungia springi za kawaida ili lisivuje, utabakiwa na umbo zuri lisilo na sababu ya kuwa hivyo lilivyo.

Mini nayo ni hivyohivyo. Mwaka 1959 mbunifu wake, Alec Issigonis, aliikingamisha injini ili watu wanne waenee kwenye gari lenye urefu wa takribani mita tatu. Katika majaribio, kabla halijauzwa, injini ikageuzwa: kabureta ikaenda nyuma, karibu na dereva, na distribyuta, inayogawa umeme wa cheche kwa plagi, ikaja mbele, nyuma tu ya grili, ikitazamana na mvua. Mvua ikipiga, gari kimya. Watu wakatafuta plastiki, wakatafuta glavu za mpira, wakaivisha distribyuta, safari ikaendelea.

Na Porsche 911, tangu ilipoonyeshwa mwaka 1963, imeibeba injini nyuma ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo mhandisi mwenye busara hawezi kuiweka. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, mkia unataka kutangulia. Kwa magari ya modeli ya 1969 waliyarudisha magurudumu ya nyuma milimita 57 kuelekea mkiani ili kulituliza, halafu wakaendelea kurekebisha hiki na kile miaka nenda miaka rudi, injini ikabaki palepale. Ukaidi wa namna hii ningemlaumu nao binadamu. Gari nalisamehe.

Kasoro ya pili ni ya ubahili, na hiyo siitetei. Chuma chembamba, rangi ya chini iliyopakwa nusunusu, mifereji ya maji isiyo na pa kutokea. Lancia Beta lilikuwa gari tamu kuendesha, lakini kutu ilishambulia fremu inayoshikilia injini, mpaka mwaka 1980 kule Uingereza magari kadhaa yakanunuliwa tena kutoka kwa wenyewe. Hapo hakuna wazo la kulitetea. Simwelewi mtu anayeita kutu historia. Rangi iliyofifia kwa jua, sawa, iache ilivyo, hata mimi yangu nimeiacha. Tundu la kutu kwenye sakafu ni tundu.

Halafu tuseme kweli. Mapenzi haya tunayaweza kwa sababu wengi wetu tuna usafiri mwingine. Aliyelinunua Mini likiwa jipya alikuwa na kazi ya kuwahi, na gari lilipomzimikia mvuani hakuona haiba yoyote pale. Alitukana. Baadaye akaliuza kwa bei ya hasara, akamwachia mwingine matusi. Sisi tumekuja miongo kadhaa nyuma, tumeyakuta yaliyosalia, na yaliyosalia mara nyingi ni yale yaliyokuwa na mtu wa kuyavumilia. Ningelitegemea gari langu Jumatatu asubuhi, nadhani ningeandika mambo tofauti kabisa usiku huu.

Kasoro ya tatu ndiyo inayonigombanisha na wenzangu: ile inayoua. Usukani wenye nguzo ngumu iliyoelekezwa kifuani. Breki za mfumo mmoja, ambapo bomba moja likipasuka magurudumu yote manne yanakosa breki kwa mara moja. Viti visivyo na mikanda. Nils Bohlin wa Volvo alileta mkanda wa pointi tatu mwaka 1959, na kampuni ikaruhusu watengenezaji wengine wautumie, lakini magari mengi mazuri yaliyokuja baada ya hapo hayakuwa nao. Wapo wanaosema ukifunga mikanda kwenye gari ambalo halikuzaliwa nayo umelinajisi. Husikia pia kwamba zamani watu waliendesha hivyohivyo na hawakufa. Walikufa wengi sana.

Jambo jingine la hatari halisemwi sana kwa kuwa halionekani: mipira ya petroli. Mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili ya petroli yenye ethanoli. Inalainika au kupasuka, na mara nyingi inapita karibu kabisa na injini yenye moto. Ukiwa na gari la kabureta na hujui mipira yake ni ya lini, anza hapo kabla hujanunua nta ya kung'arishia.

Mimi nimebadilisha. Mipira ni mipya, pampu kuu ya breki sasa ni ya mifumo miwili, na kesho nafunga mikanda ya nyuma, baada ya fundi wa kuchomelea kuimarisha mahali pa kuishikiza, kwa sababu mkanda uliofungwa kwenye bati tupu ni pambo. Asiyependa asipande.

Kitu kimoja nimekikataa. Fundi ameniletea moduli ya kielektroniki ya kuchukua nafasi ya pointi, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili kutoa cheche. Inajificha ndani ya distribyuta, hakuna atakayeiona, na inatoa cheche safi kila siku bila kuiwekea nafasi kwa vibao vyembamba vya kupimia. Najua ni bora. Lakini pointi zikichoka gari huanza kukohoa siku kadhaa kabla, likakosa nguvu mlimani, likasumbua kuwaka. Nasimama kando ya barabara, nazipitisha msasa, naondoka. Moduli haikohoi. Ikifa imekufa, na mtu mwenye spana mkononi hana la kufanya ila kupiga simu akavutwe.