Kioo cha rubani cha MiG-21 kutoka kwenye chupa ya soda

Kwenye modeli ya ndege ya kivita, macho ya mtu huenda kwanza kwenye kioo cha rubani. Unaweza kuunganisha mabawa bila pengo hata moja na rangi ikatulia vizuri, lakini kioo kikiwa na ukungu, au fremu zake zikipinda, ndege nzima inaonekana ya kuchezea. Kwa hiyo nilipofungua boksi la modeli ya MiG-21MF, ndege ya kivita ya Kisovieti, zawadi ya ndugu yangu aliyetoka Ulaya, nikakuta kifuniko cha kioo kimepasuka katikati, sikuhangaika na gundi. Ufa kwenye plastiki angavu hauzibwi ukapotea. Nikaamua kutengeneza kifuniko kipya hapa hapa Mbeya.

Ndege yenyewe naipenda kwa sababu ya historia yake kwetu. Jeshi letu lilikuwa na ndege za familia ya MiG-21 wakati wa Vita ya Kagera, 1978 hadi 1979. Ila anayetaka kuchonga kioo chake lazima ajue ni toleo gani analo mkononi. MiG-21F-13 na J-7 za mwanzo za Wachina, ambazo ni nakala yake, zina kioo cha mbele na kifuniko kilichoungana, na vyote hufunguka pamoja kuelekea mbele. Kwenye MF kioo cha mbele kimefungwa palepale, na kifuniko hufunguka kwa kulala upande wa kulia wa rubani. Ukichanganya haya mawili, hata kazi ikiwa safi vipi, anayezijua ndege ataona.

Modeli yangu ni ya kipimo cha 1 kwa 48. Mabawa ya ndege halisi yana upana wa mita 7.15, kwangu yanakuwa sentimita 15 hivi. Fremu ya sentimita 4 inashuka chini ya milimita moja. Hapo ndipo ugumu wote ulipo.

Kwanza nilihitaji kalibu, yaani umbo gumu la kufinyangia plastiki juu yake. Wazo la haraka ni kushindilia fila ya gereji ndani ya kile kifuniko kilichopasuka ili ipate umbo lake, lakini fila ya magari ina kemikali inayoila plastiki ya modeli. Nikaenda kwa mzee mmoja seremala, Mwanjelwa, kuomba kipande cha mbao. Paina za Sao Hill zimejaa kila karakana huku kwetu, na mzee mwenyewe ndiye aliyenikataza.

“Kijana wangu, paina ina mistari laini na mistari migumu. Ukiipiga msasa, ile laini inaisha kwanza. Chukua mninga huu.”

Alikuwa sahihi kabisa, maana plastiki ikishapata moto hunakili kila kitu kilicho chini yake, hata nyuzi za mti. Nilichonga mninga taratibu nikiulinganisha na kile kifuniko kibovu, nikaufanya mdogo kidogo ili kubakiza nafasi ya unene wa plastiki. Kisha nikaujaza vitundu kwa fila, nikausugua kwa msasa wa maji namba 800, halafu 1500, mwisho 2000, hii ya wapiga rangi wa magari. Usichoke mapema hapa. Ubora wa kioo unaamuliwa kwenye mbao, kabla hujagusa plastiki.

Chupa ya soda ya lita moja na nusu ndiyo malighafi. Plastiki yake ilivutwa na kupulizwa kiwandani ikiwa na joto, na ukiipasha tena inataka kurudi kwenye udogo wake wa awali. Ndiyo siri ya njia hii: huhitaji mashine ya kunyonya hewa, chupa yenyewe inajikaza juu ya kalibu. Nilikata kitako cha chupa, nikaingiza kalibu, na nyuma yake nikasukumia kabari ya mbao mpaka sehemu isiyo na maandishi wala mikunjo ikawa imekaa juu ya mgongo wa kalibu.

Moto niliupata kwa fundi simu jirani yangu. Ile mashine yake ya hewa ya moto ya kubandulia vifaa kwenye bodi ina kirungu cha kupunguza na kuongeza joto, kitu ambacho jiko la mkaa haliwezi kukupa. “Kaka, leo unatengeneza simu gani hiyo?” akaniuliza, kisha akasogea kunishikia chupa. Unapitisha hewa kwa kuizungusha, bila kusimama mahali pamoja, na unaona plastiki inavyolegea, inavyovutwa, halafu inabana. Ikibana, ondoa moto mara moja. Plastiki hii ikizidishiwa joto huwa nyeupe, na weupe ule hautoki kwa namna yoyote.

Kukata nilitumia wembe mpya, kwa mikwaruzo mepesi mingi kwenye mstari uleule.

Sasa fremu. Plastiki ya chupa haishiki rangi vizuri, hubanduka kwa kucha tu. Kwa hiyo sikuipaka kabisa. Nilichukua tepu nyembamba ya alumini, ile ya mafundi friji, nikaibandika kwenye kipande cha kioo cha dirisha na kukata vijistari kwa rula ya chuma. Kwa ndege isiyopakwa rangi kama yangu, alumini halisi inashinda rangi yoyote ya fedha. Ndani ya kifuniko nilibandika vijistari vingine vilivyopakwa rangi nyeusi mapema, vikilingana na vya nje, kwa sababu ukitazama kioo kwa upande unaona mgongo wa tepu, na mgongo mweupe unaharibu kila kitu. Kibano cha nyusi kilinisaidia kuliko kidole. Kioo kidogo cha kutazamia nyuma nacho kilitoka kwenye mabaki ya tepu hiyo.

Kioo cha mbele cha boksi kilikuwa kizima, nikakiacha kama kilivyo. Unene wake unaofanana na chupa ya dawa ungenikera mahali pengine, ila pale unafaa: kwenye ndege halisi pana kioo kinene cha kuzuia risasi. Niligusa kingo zake kwa kalamu ya wino wa kijani, kidogo sana.

Vumbi ndilo adui wa miezi ya Juni hadi Septemba. Hewa ya Mbeya inakuwa baridi na kavu, na ukifuta plastiki kwa kitambaa kikavu inavuta vumbi lote la chumbani. Niliosha kifuniko kwa maji na sabuni ya vyombo, nikakiacha kikauke chini ya bakuli lililofunikwa, na nilinyunyizia sakafu maji kabla ya kukigusa tena. Wenzetu wa ng'ambo huchovya vioo vyao kwenye polishi ya sakafu ya akriliki ili ving'ae. Polishi nyingi za madukani kwetu ni za nta, hazifanyi kazi hiyo. Dawa ya meno nyeupe na pamba vilinitosha kuondoa michubuko midogo.

Kubandika, usitumie supagluu karibu na kioo. Mvuke wake hutua juu ya plastiki na kuganda kuwa ukungu mweupe, na ndani ya chumba cha rubani kilichofungwa hauna pa kutokea. Gundi nyeupe ya mbao hukauka ikawa angavu, na ikimwagika unaifuta kwa pamba yenye maji. Nilitia nukta mbili tu kwenye bawaba za kulia, nikaegemeza kifuniko kwenye kijiti mpaka asubuhi, kikiwa wazi, ili kiti na dashibodi yenye saa za vipimo ambavyo nilivipaka kijani chenye usamawati vionekane.